Namba inayotembea: Historia ya fanksheni hadi ubaoni kwetu

Kila mwaka mwanafunzi wa kidato cha tatu nchini Tanzania hufikia mada mbili zinazofuatana: mahusiano, kisha fanksheni. Mwalimu huchora maumbo mawili ya yai ubaoni, hutia namba ndani ya kila yai, halafu huziunganisha kwa mishale. Baadaye huandika herufi f, akafungua mabano, akaweka x, akafunga. Kuanzia hapo wanafunzi wengi hujua la kufanya: weka 3 mahali pa x, kokotoa, andika jibu, endelea na swali linalofuata. Waulize ni kitu gani walichokuwa wakikikokotoa, darasa zima litanyamaza.

Ukimya huo una historia yake. Mayai na mishale havikuwapo wazo hili lilipozaliwa. Havikuwapo hata siku wataalamu walipokaa na kuamua kuwa kila kijana wa sekondari afundishwe fanksheni. Walikuwa na lengo moja lililo wazi: kijana aone jinsi kitu kimoja kinavyobadilika pale kingine kinapobadilika. Lengo hilo lilipotelea njiani, na hapa tunafuata nyayo zake.

Jedwali lililokosa jina

Binadamu alitumia fanksheni maelfu ya miaka kabla ya kuipa jina. Waandishi wa Babeli walichora kwenye vibao vya udongo majedwali ya namba na vipeo vyake vya pili. Wanajimu wa ulimwengu wa Kiislamu walikokotoa majedwali ya sayini kwa usahihi mkubwa, wakayatumia kupanga kalenda, kutafuta kibla na kufuatilia nyota. Ukitafuta pembe upande mmoja wa jedwali, unapata thamani yake upande wa pili. Kazi ilifanyika, ila hakuna aliyeuliza uhusiano wenyewe ni kitu gani.

Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alionyesha kuwa mchoro wa mstari au mkunjo unaweza kuandikwa kama mlinganyo. Mwaka 1673 Mjerumani Gottfried Leibniz alilitumia neno la Kilatini functio, lenye maana ya kutekeleza kazi, katika maandiko yake kuhusu mikunjo. Mwaka 1718 Johann Bernoulli wa Basel akalipa maana iliyo karibu na ya leo: kiasi kilichoundwa kutokana na kiasi kingine kinachobadilika pamoja na namba zisizobadilika. Mwanafunzi wake, Leonhard Euler, ndiye aliyeanza kuandika f na mabano, mwaka 1734. Alama anayoiona mtoto wetu ubaoni leo inakaribia kutimiza miaka 300.

Katika kitabu chake cha mwaka 1748, Euler aliitazama fanksheni kama kanuni inayoandikika. Bila kanuni, hakuna fanksheni. Mawazo hayo yalitosha mpaka Joseph Fourier alipochapisha kitabu chake kuhusu joto mwaka 1822. Fourier alidai kuwa hata umbo lenye kona na ngazi linaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi ya sayini na kosaini. Madai hayo yaliwalazimisha wenzake wajiulize upya fanksheni ni nini hasa. Jibu lililodumu likatoka kwa Peter Gustav Lejeune Dirichlet mwaka 1837: kama kila thamani ya x ina thamani moja tu ya y, basi y ni fanksheni ya x, hata kama hakuna kanuni moja inayoifunika yote.

Msomaji asidhani hayo ni ya wanazuoni wa Ulaya peke yao. Tazama ada ya kutuma pesa kwa simu. Ukituma kiasi chochote ndani ya ngazi fulani, makato ni yale yale. Ukivuka ngazi kwa shilingi moja, makato yanaruka. Hakuna mlinganyo mmoja mfupi unaoyaeleza makato hayo, lakini kwa kila kiasi unachotuma kuna ada moja tu, wala haziwi mbili. Hiyo ni fanksheni ya Dirichlet, na mama muuza samaki feri anaitumia kila siku.

Siku fanksheni ilipoingia shuleni

Wakati wanahisabati wakibishana kuhusu Fourier, shule za sekondari za Ulaya zilikuwa bado na mambo mawili makubwa: uthibitisho wa jiometri kwa njia ya Mgiriki wa kale Euclid, na aljebra ya kutafuta x. Katika aljebra hiyo, x ni namba iliyojificha. Kazi ya mwanafunzi ni kuifukua. Akishaipata, kazi imekwisha. Katika fanksheni, x haijifichi. Ni namba inayotembea, na tunaitembeza ili tuone y inavyofuata. Herufi ni ile ile, majukumu ni tofauti kabisa, na pengo lililopo kati ya hayo mawili ndilo linalowaangusha wanafunzi wengi mpaka leo.

Mtu aliyeliona pengo hilo mapema ni Felix Klein, profesa wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani. Mwaka 1905, katika mji wa Meran, ambao leo uko Italia lakini wakati huo ulikuwa chini ya Austria-Hungaria, kamati ya wanasayansi na matabibu wa Kijerumani ilitoa mapendekezo ya mtaala mpya. Klein alikuwa roho ya kamati hiyo. Nguzo ya mapendekezo ilikuwa kumjenga kijana katika mazoea ya kufikiri kwa fanksheni. Klein hakutaka iwe sura moja ndani ya kitabu. Alitaka iwe uzi unaoshona aljebra, jiometri na fizikia pamoja, ukianza na grafu katika madarasa ya chini na kuishia kwenye mwanzo wa kalkulasi katika madarasa ya juu.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1901 mjini Glasgow, mhandisi John Perry aliwataka walimu wa Uingereza waachane na kukariri Euclid, wawape wanafunzi karatasi ya grafu, wapime vitu halisi na kuchora walichopima. Mwaka 1902 E. H. Moore wa Chicago alilipeleka wazo hilo mbele ya wanahisabati wa Marekani. Ufaransa nayo ilibadili mtaala wake mwaka huo huo wa 1902. Mwaka 1908, katika mkutano wa Roma, iliundwa tume ya kimataifa ya ufundishaji wa hisabati, na Klein akawa rais wake wa kwanza. Ripoti kubwa ya Marekani ya mwaka 1923 iliitaja fanksheni kuwa wazo linalounganisha hisabati yote ya sekondari.

Utekelezaji ulikwenda mwendo wa kinyonga. Kalkulasi iliingia rasmi katika mtaala wa sekondari wa Prussia, jimbo la Ujerumani, mwaka 1925, miaka 20 baada ya Meran, na ndio mwaka Klein alioaga dunia. Hata hivyo mbegu ilikuwa imepandwa: fanksheni ilikuwa imeingia shuleni kama elimu ya mabadiliko, ikiwa na kalamu, karatasi ya grafu na vipimo.

Mayai na mishale

Mayai na mishale yalitoka kwingine. Mwaka 1939 kundi la wanahisabati wa Ufaransa waliojificha nyuma ya jina la Nicolas Bourbaki lilianza kuchapisha vitabu vya kuijenga hisabati yote juu ya seti. Humo, fanksheni ni uhusiano kati ya seti mbili: kila mwanachama wa seti ya kwanza ana mwenzake mmoja tu katika seti ya pili. Maana hiyo ni safi na haina doa. Ila ukiisoma kwa makini utaona kuwa hakuna kinachobadilika ndani yake. Hakuna mwendo, hakuna kuongezeka wala kupungua. Namba iliyokuwa ikitembea imekalishwa.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha setilaiti ya Sputnik angani, na nchi za Magharibi zikaingiwa na hofu ya kuachwa nyuma. Mwaka 1958 Marekani ilianzisha mradi wa kuandika upya vitabu vya hisabati vya shule chini ya Edward Begle. Mwaka 1959, katika semina ya Royaumont karibu na Paris, Jean Dieudonné wa kundi la Bourbaki alitaka Euclid aondolewe madarasani. Mwaka 1961 Uingereza ikaanza mradi wake ulioongozwa na Bryan Thwaites. Hisabati mpya ikawa imezaliwa, na seti zikawa mlango wake.

Haikuchukua muda kufika kwetu. Mwaka 1962, Entebbe, kandokando ya Ziwa Victoria, wanahisabati na walimu wa Kiafrika walikaa pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza kuandika vitabu vya hisabati kwa ajili ya nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Warsha ziliendelea kwa miaka kadhaa na vitabu vikajulikana kwa jina la mji huo. Baadaye ukaja mfululizo wa hisabati ya shule kwa Afrika Mashariki, uliotokana na ule wa Thwaites. Nchi zilikuwa changa, zina kiu ya wahandisi, madaktari na walimu wake zenyewe, na hazikutaka kufundishiwa hisabati ya kizamani wakati wengine wanasonga mbele. Nia ilikuwa njema.

Tatizo lilikuwa mbio. Walimu walipewa vitabu kabla ya kupewa mafunzo ya kutosha. Wazazi waliojua kugawanya na kutafuta asilimia waliliona daftari la mtoto limejaa maumbo ya yai, wakashindwa kumsaidia. Manung'uniko yakazuka kuwa watoto wanajua kuzitaja seti lakini hesabu za dukani zinawashinda. Marekani kwenyewe lawama zilikuwa kali, na kitabu cha mwanahisabati Morris Kline cha mwaka 1973 kilizikusanya. Mwaka 1981, Rais Daniel arap Moi akaifuta hisabati mpya katika shule za Kenya.

Hisabati mpya iliondoka, lakini haikubeba vyombo vyake vyote. Tanzania bado tunaanza na mahusiano, tunafuata na fanksheni, tunamwagiza mwanafunzi aorodheshe namba zinazoingia na zinazotoka. Grafu ya Klein na Perry ipo pia, ila mara nyingi imekuwa hatua ya mwisho ya swali, ya kuchora kwa ajili ya alama.

Neno lisilo na mlango

Kuna ukuta mwingine ambao Klein hakuujua, nao ni lugha. Mtoto wa Tanzania husoma hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi; akiingia sekondari anakutana na fanksheni kwa Kiingereza, kwa neno ambalo mtaani analijua kama jina la sherehe. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Wachina walipokutana na neno hilo hilo, mwanahisabati Li Shanlan, katika tafsiri zake za mwaka 1859, alilipa jina la Kichina lenye maana ya namba inayobeba nyingine ndani yake. Tangu hapo mwanafunzi wa Kichina akilisikia neno lenyewe, nusu ya maana ameshaipata. Wa kwetu hulisikia neno tupu, akalikariri kama lilivyo. Watafiti kama Shlomo Vinner na Tommy Dreyfus wameonyesha kuwa hata wanafunzi wa vyuo huweza kuitamka maana rasmi bila kosa, kisha wakaamua maswali kwa picha nyingine kabisa iliyo vichwani mwao. Picha ndiyo inayotawala. Basi swali la mwalimu ni hili: mwanafunzi wetu amepewa picha gani?

Bahari ni fanksheni

Ukanda wetu wa pwani una picha iliyo tayari. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwa mzunguko wa saa 12 na dakika kama 25. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu hupungua. Mvuvi wa Pangani hahitaji herufi yoyote kujua kuwa kina cha maji kinategemea saa. Kila saa ina kina chake kimoja tu. Lakini ukimtajia kina cha mita 2 bila zaidi, hawezi kukutajia saa, maana bahari hupita kimo hicho mara kadhaa kwa siku. Mwanafunzi akiliona hilo, ameelewa fanksheni, na ameelewa pia kwa nini kuigeuza kinyume si lazima kuzae fanksheni nyingine. Hajachora yai hata moja.

Mfano huu unarudi mpaka kwa Fourier. Katika miaka ya 1870 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya kutabiri maji kujaa na kupwa kwa kujumlisha mawimbi, moja la mwezi, jingine la jua, na mengine madogo. Majedwali ya bahari yanayotumika bandarini yamejengwa juu ya wazo hilo. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma sayini anasoma kitu ambacho babu yake alikisubiri ufukweni ili ashushe ngalawa.

Walimu, herufi f haina kosa, na maana ya seti ina mahali pake. Mahali pake ni mwisho, baada ya mwanafunzi kuona kitu kikibadilika na kingine kikifuata. Anzeni na jedwali la maji, makato ya simu, urefu wa mche wa mahindi kwa kila juma. Chorani grafu kabla ya kutaja jina. Na siku x inapoacha kuwa namba iliyojificha na kuanza kutembea, mwambieni mwanafunzi waziwazi, kwa lugha anayoielewa, kwamba siku hiyo imefika.