Matokeo ya Muda Mrefu ya Upasuaji wa Glaukoma: Ufuatiliaji kama Sehemu ya Tiba

Glaukoma, maradhi ambayo wengi huyaita presha ya macho, huharibu polepole neva ya jicho, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa za kuona kwenye ubongo, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Kwa kuwa kushusha shinikizo la ndani ya jicho ndiyo njia iliyothibitishwa ya kupunguza kasi ya uharibifu huo, tiba zote, yawe matone, leza au upasuaji, hulenga shinikizo hilo. Makala haya yanadai kwamba upasuaji unastahili kufanywa mapema zaidi kwa wagonjwa wanaofika hospitali wamechelewa, lakini manufaa yake hayawezi kudumu endapo miaka inayoufuata haitahesabiwa kuwa sehemu ya tiba.

Katika trabekulektomi, upasuaji ulioelezwa na J. E. Cairns mwaka 1968, daktari hufungua njia ndogo kwenye ukuta mweupe wa jicho ili maji ya ndani yapenye hadi chini ya utando laini wa juu, ambako hunyonywa taratibu. Mwili huiona njia hiyo kuwa jeraha na hujaribu kuiziba kwa kovu, ndiyo maana wapasuaji hutumia mitomaisini, dawa inayozuia seli za kovu zisiongezeke. Dawa hiyohiyo, hata hivyo, huweza kuufanya utando uwe mwembamba kiasi cha kuvuja au kupitisha vijidudu hata miaka mingi baadaye.

Muda wa kufanya upasuaji nao una uzito. Katika utafiti uliolinganisha trabekulektomi na upandikizaji wa mrija wa kutolea maji kwenye macho 212 yaliyokwisha kupasuliwa awali, trabekulektomi ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 46.9 baada ya miaka 5, na mrija kwa asilimia 29.8. Nchini Uingereza, ambako wagonjwa 453 waliogunduliwa wakiwa na glaukoma iliyokomaa walianzishiwa ama trabekulektomi ama dawa, waliopasuliwa walikuwa na shinikizo la chini zaidi baada ya miaka 5: takribani milimita 12 za zebaki dhidi ya 15. Ingawa tafiti hizo hazilinganishiki moja kwa moja, zinaafikiana na jambo linalojulikana kitabibu, kwamba jicho lisilo na makovu hutoa nafasi bora ya mafanikio.

Inaweza kupingwa kwamba leza inatosha. Jaribio lililofanywa katika Hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, lilionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, na matone ya timololi kwa asilimia 31. Ushahidi huo unaipa leza nafasi ya heshima, lakini pia unaonyesha kwamba karibu macho 4 katika kila 10 yalihitaji hatua nyingine, ambayo haiwezi kuchukuliwa kwa mgonjwa asiyerudi kupimwa.

Kurudi huko kunategemea maelezo. Jamii imezoea kuona upasuaji wa mtoto wa jicho ukirudisha uoni, ilhali trabekulektomi huulinda tu uoni uliosalia, na huweza hata kuharakisha mtoto wa jicho. Mgonjwa asiyeambiwa hayo mapema hudhani kwamba upasuaji umeshindwa, akaacha kliniki wakati shinikizo lake linaanza kupanda bila maumivu.

Kwa hiyo hospitali zipime kazi yake kwa idadi ya macho yenye shinikizo salama baada ya mwaka 1, 3 na 5, badala ya idadi ya waliopasuliwa. Bajeti ya upasuaji ijumuishe gharama za mahudhurio ya baadaye. Na wahudumu wa macho wa wilaya wapewe vifaa na mafunzo ya kupima shinikizo karibu na makazi ya wagonjwa. Upasuaji usio na mpango wa namna hiyo humbebesha mgonjwa hatari zote za kisu, huku ukimnyima sehemu kubwa ya faida yake.