TAREHE 10 DESEMBA KATIKA HISTORIA NA KATIKA UKOO WETU



Katika kurasa za mwisho za kitabu hiki mtaikuta kalenda ya ukoo, ambamo zimeandikwa siku za kuzaliwa za jamaa zetu na siku za misiba yetu. Kamati ilipokuwa ikiitayarisha, ilitokea tarehe moja iliyoleta maneno, nayo ni tarehe 10 Desemba. Wako waliotaka iandikwe kuwa ni Siku ya Uhuru wa Zanzibar. Wako waliosema kwamba yakiandikwa hayo, kitabu hiki hawatakiingiza nyumbani mwao. Vijana nao waliuliza kwa nini siku aliyozaliwa shangazi yao igeuzwe kuwa ugomvi wa watu wazima.

Kwa kuwa nilifanya kazi ya masjala serikalini huko Unguja kabla ya kuhamia Uingereza mwaka 1989, na kwa kuwa kazi hiyo ilinizoeza kuliweka kila jambo katika tarehe yake, nimetakiwa niyakusanye yaliyotokea siku hiyo, ya dunia na ya kwetu, ili tusome kwanza kisha ndipo tusemezane. Nimeitika kwa moyo mkunjufu.

WALIOZALIWA SIKU HIYO

Nianze na habari njema, yaani kuzaliwa. Mnamo tarehe 10 Desemba 1815 alizaliwa London binti wa mshairi Lord Byron, aliyekuja kujulikana kwa jina la Ada Lovelace. Mwaka 1843 bibi huyu alichapisha maelezo marefu juu ya mashine ya kupigia hesabu iliyobuniwa na Charles Babbage, mashine ambayo haikupata kukamilishwa. Katika maelezo hayo alionyesha jinsi mashine inavyoweza kupangiwa hatua za kufuata, na kwa ajili hiyo wengi humtaja miongoni mwa watangulizi wa elimu ya kompyuta. Wajukuu zetu wanaosomea fani hiyo wamjue.

Tarehe hiyo hiyo ya mwaka 1830 alizaliwa Amherst, katika jimbo la Massachusetts, mshairi Emily Dickinson. Alitunga mashairi yapatayo 1,800, na katika uhai wake yalichapishwa machache mno. Mengi yalikutwa yamehifadhiwa chumbani mwake baada ya kufa kwake mwaka 1886. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya bibi zetu wameacha tungo zao katika madaftari, na madaftari hayo yamo hatarini kuliwa na mchwa. Mwenye nalo alilete.

Mwaka 1851 alizaliwa, katika jimbo la New York, Melvil Dewey, ambaye mwaka 1876 alitoa utaratibu wa kuvipanga vitabu vya maktaba kwa nambari, kuanzia 000 hadi 999. Kila aliyewahi kutafuta kitabu katika maktaba za Uingereza au Marekani ameonja faida ya kazi yake.

Wa nne ni Nelly Sachs, aliyezaliwa Berlin mwaka 1891. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1940 aliikimbia Ujerumani pamoja na mama yake mzazi, wakapata hifadhi Sweden. Huko aliendelea kuandika kwa lugha ya nchi iliyomfukuza. Tarehe 10 Desemba 1966, siku aliyotimiza miaka 75, alipewa Stockholm Nishani ya Nobel ya Fasihi, akigawana na mwandishi S. Y. Agnon.

KWA NINI NISHANI HUTOLEWA SIKU HIYO

Msomaji atauliza: je, ilisadifu tu? Haikusadifu kwa upande wa nishani. Tarehe 10 Desemba 1896 alifariki San Remo, Italia, Alfred Nobel, Mswidi aliyetajirika kwa kuvumbua baruti ya dainamiti. Katika wasia wake, aliousaini mwaka 1895, aliagiza sehemu kubwa ya mali yake iwekwe, na faida yake wapewe kila mwaka watu walioifaa dunia. Nishani za mwanzo zilitolewa siku ya kumbukumbu ya kifo chake, mwaka 1901, na desturi hiyo imebaki. Nishani ya amani hutolewa Oslo, na nyinginezo hutolewa Stockholm.

Kwa sababu hiyo, siku hii imewapa Waafrika fahari mara kadhaa. Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini alisimama Oslo kupokea nishani ya amani ya mwaka 1960, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Nchini kwake alikuwa amewekewa amri ya kumzuia kutembea, hata ikambidi apewe ruhusa maalumu ya kusafiri. Mwaka 1993 alisimama hapo Nelson Mandela, pamoja na F. W. de Klerk. Miaka 3 baadaye, tarehe 10 Desemba 1996, Mandela akiwa Rais alitia saini katiba mpya ya nchi yake, tena huko Sharpeville, mahali ambapo polisi waliwaua watu 69 mwezi Machi 1960.

Kutoka kwetu Afrika ya Mashariki alikwenda Oslo Profesa Wangari Maathai wa Kenya, tarehe 10 Desemba 2004, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupewa nishani hiyo, kwa kazi yake ya kupanda miti na kutetea haki za raia. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mji wa Kongo ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani, kwa kuwatibu wanawake waliodhulumiwa vitani. Alishirikiana nishani hiyo na Nadia Murad.

Mzanzibari Abdulrazak Gurnah, aliyepewa nishani ya fasihi ya mwaka 2021, hakusafiri kwenda Stockholm kwa sababu ya maradhi ya korona. Alikabidhiwa nishani yake papa hapa London tarehe 6 Desemba, siku 4 kabla ya sherehe yenyewe.

AZIMIO LA MWAKA 1948

Gurnah huyo alizaliwa Unguja tarehe 20 Desemba 1948. Siku 10 kabla ya kuzaliwa kwake, yaani Ijumaa tarehe 10 Desemba, Umoja wa Mataifa ulikutana Paris na kulipitisha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Kamati iliyolitayarisha iliongozwa na Bibi Eleanor Roosevelt. Nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na nchi 8 hazikuunga mkono wala kupinga, zikiwamo Afrika Kusini na Saudi Arabia. Bara zima la Afrika lilikuwa na wanachama 4 tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Sisi wengine tulikuwa chini ya wakoloni, na hakuna aliyetuuliza.

Hata hivyo Azimio hilo linatuhusu kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 13 inasema kwamba kila mtu ana haki ya kutoka katika nchi yoyote, hata ile yake mwenyewe, na ana haki ya kurudi kwake. Ibara ya 14 inampa anayedhulumiwa haki ya kutafuta hifadhi katika nchi nyingine. Ibara ya 15 inasema kila mtu ana haki ya kuwa na uraia. Katika meza moja ya karamu yetu mtawakuta walioondoka kwao kwa ndege na cheti cha kazi mkononi, na mtawakuta walioondoka usiku kwa ngalawa. Mtawakuta pia waliokaa miaka mingi bila pasipoti ya nchi yoyote. Kwao ibara hizo 3 ni habari za maisha.

JUMANNE YA MWAKA 1963

Sasa niingie katika jambo lililoleta maneno. Mwaka 1963 nilikuwa mtoto wa miaka 3, basi sina nilichokiona nikakielewa. Nayaandika yale yaliyothibiti.

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Katika uchaguzi wa Julai 1963, viti vilivyogombewa vilikuwa 31. Chama cha Afro-Shirazi kilipata kura zaidi ya nusu, kiasi cha asilimia 54, lakini kikapata viti 13. Chama cha Hizbu kilipata viti 12, na mshirika wake, chama cha watu wa Unguja na Pemba, kilipata viti 6. Hivyo wenye viti 18 wakaunda serikali, naye Mohammed Shamte Hamadi akawa Waziri Mkuu. Kwa sheria ya uchaguzi iliyokuwapo, serikali ile ilikuwa halali. Kwa hesabu ya vichwa, wapigakura wengi walikuwa upande uliobaki nje. Ukilishika moja kati ya mambo haya mawili ukaliacha la pili, hutaelewa lililofuata.

Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 10 Desemba 1963, katika mwezi wa Rajabu, himaya ya miaka 73 ilikoma. Malkia wa Uingereza aliwakilishwa na mumewe, Philip, Duke wa Edinburgh. Ilipandishwa bendera nyekundu yenye duara la kijani, na ndani yake karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Mkuu wa dola alikuwa Sultani Jamshid bin Abdullah. Siku 2 baadaye Kenya nayo ikapata uhuru, na ukanda wa Mwambao, uliokuwa kwa jina chini ya Sultani, ukawa sehemu ya Kenya kwa mapatano ya Oktoba mwaka ule. Tarehe 16 Desemba Zanzibar na Kenya zilipokewa pamoja katika Umoja wa Mataifa.

Dola ile ilidumu siku 33. Jumapili tarehe 12 Januari 1964, siku chache kabla ya Ramadhani, yalitokea Mapinduzi. Watu wengi waliuawa, wengi walifungwa, na wengi walikimbia. Sheikh Abeid Amani Karume akawa Rais, na tarehe 26 Aprili Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Sultani aliishi Portsmouth miaka mingi, hadi aliporuhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020. Alifariki huko tarehe 30 Desemba 2024. Jamaa zetu wengine walipata kimbilio Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Serikali ya Zanzibar huadhimisha tarehe 12 Januari, na tarehe 10 Desemba huipita kimya.

Katika ukoo wetu, babu mmoja alikuwa karani wa serikali ile ya siku 33, na ndugu yake, mtoto wa mama mmoja, alikuwa mwanachama wa Afro-Shirazi mwenye kadi. Wa kwanza alifungwa. Wa pili ndiye aliyekuwa akiwapelekea chakula watoto wa mwenziwe. Hawakukubaliana hata siku moja juu ya tarehe 10 Desemba, na wote wawili wamelala Mwanakwerekwe. Sisi wote tumetokana na hao. Basi atakayetaka kalenda yenye upande mmoja atalazimika kumfuta babu mmoja.

DADA YETU NA TAREHE YAKE

Jumanne ile ile, huko Pemba, alizaliwa dada yetu ambaye leo anaishi Maskati. Mama yake hakuwa na kalenda. Alikuwa akisema kwamba alimzaa katika Rajabu, siku iliyopandishwa bendera ya karafuu. Dada alipohama, karani wa ugenini alimwandikia amezaliwa tarehe 1 Januari, kama walivyoandikiwa wazee wetu wengi wasiokuwa na vyeti. Katika karatasi zake zote hadi leo, siku yake si yake. Bendera ile, ambayo wengine wetu hawataki hata kuitaja, ndiyo ushahidi pekee wa siku aliyozaliwa.

Nilipompigia simu kumuuliza anataka kalenda iandikweje, alinijibu kwamba iandikwe kweli, na jina lake liwe la kwanza.

Kwa hiyo napendekeza kwa kamati na kwa mkutano mkuu kwamba chini ya tarehe 10 Desemba iandikwe kwanza siku ya kuzaliwa ya dada yetu. Kisha yaandikwe maneno haya: mwaka 1963, himaya ya Uingereza yakoma, Zanzibar yawa dola yenye kiti katika Umoja wa Mataifa. Na chini ya tarehe 12 Januari: mwaka 1964, Mapinduzi ya Zanzibar. Pote pawili pasiwe na neno la kusifu wala la kulaani. Anayetaka kusherehekea asherehekee nyumbani kwake, na anayetaka kuomboleza awaombee marehemu wake.

Lililo zito zaidi kwangu ni hao wenye tarehe 1 Januari. Wangali hai wachache wanaokumbuka nani alizaliwa msimu gani wa karafuu, mvua gani, Ramadhani ya mwaka gani. Kila tawi la ukoo limteue kijana mmoja akae na wazee, aulize, aandike, naye amlete mwandishi wa jumuiya daftari lake kabla ya mkutano ujao. Nimejitolea kuzilinganisha tarehe za Kiislamu na za Kizungu, kazi ambayo bado naiweza.

Nawatakia nyote mkutano wa salama na kheri.