Nyayo House: Juu Pasipoti, Chini Je?

Mwambie mkazi yeyote wa Nairobi "tukutane Nyayo House" na hatakuuliza njia. Ni lile jengo refu la orofa 27 pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Kwa rika langu jina hilo lina maana moja: pasipoti. Foleni, alama za vidole, picha, "rudi wiki ijayo". Wengi wanaopanga foleni pale ni vijana kama mimi na wewe, wanaotaka kwenda kutafuta kazi Saudi Arabia na Qatar. Lakini mwulize mtu aliyekuwa chuo kikuu mwaka 1986 kuhusu jengo hilo hilo, na huenda akanyamaza kidogo kabla ya kukujibu.

Tuanze na jina. Moi alipochukua urais mwaka 1978, baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, alisema atafuata nyayo za mtangulizi wake. Basi kila kitu kikawa Nyayo: maziwa ya shuleni, uwanja wa michezo, mabasi, hata gari, ile Nyayo Pioneer iliyoonyeshwa kwa mbwembwe mwaka 1990 na isifike sokoni kamwe. Jengo letu lilikamilika mwaka 1983 likawa makao makuu ya Mkoa wa Nairobi. Kabla ya hapo Mkuu wa Mkoa alikuwa na ofisi katika nyumba ndogo ya mawe jirani, iliyojengwa na Waingereza mwaka 1913. Humo ndimo walimoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Kuzaliwa, kuoa na kufa, vyote mlango mmoja!

Sasa kumbuka ni miaka gani hiyo. Juni 1982 katiba ilibadilishwa Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Agosti mosi mwaka huo huo wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali. Kuanzia hapo serikali iliona adui kila kona, na mwaka 1986 ikaanza msako wa Mwakenya, kundi la siri lililotaka mabadiliko. Wahadhiri, wanafunzi, mawakili, waandishi wa habari, hata wakulima walikamatwa. Wengine kosa lao lilikuwa kupatikana na kijitabu.

Walionusurika wanasimulia hadithi zinazofanana mno. Unachukuliwa, mara nyingi usiku. Unafungwa kitambaa machoni, unatupwa ndani ya Land Rover, unazungushwa mjini mpaka usijue uko wapi. Kumbe uko katikati ya jiji! Gari linaingia chini ya Nyayo House. Huko kuna seli zisizo na dirisha. Ukitakiwa kuhojiwa unapandishwa kwa lifti hadi orofa za juu kabisa, ambako kikosi cha Special Branch kinakusubiri na maswali na viboko. Ukikataa "kushirikiana" unarudishwa chini, na safari hii seli inajazwa maji. Unakaa humo uchi, siku baada ya siku, bila chakula. Wanyiri Kihoro, wakili ambaye baadaye alikuwa mbunge wa mji wa Nyeri, alikaa Nyayo House siku 74. Mwaka 1998 alichapisha kitabu kizima kuhusu kifungo chake. Raila Odinga naye alipitia humo mwaka 1988.

Ninachokifikiria sana kuliko maji yale ni saa za kazi. Jengo halikufungwa ili watu wateswe. Makarani walikuja asubuhi, wakapiga mihuri, wakanywa chai, wakaenda nyumbani. Wananchi walileta fomu zao. Kati ya orofa za chini na za juu palikuwa na ofisi za kawaida za serikali, na lifti ikizipita bila kusimama. Tumezoea kusema jengo fulani "zamani lilikuwa" hiki, "sasa ni" kile. Nyayo House lilikuwa vyote kwa wakati mmoja.

Februari 1987 mfanyabiashara mmoja kutoka Nakuru, aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari, alifia hospitalini baada ya kuzuiliwa humo. Mwezi huo huo wakili Gibson Kamau Kuria aliiarifu serikali kwamba angeishtaki kwa niaba ya wateja wake walioteswa. Jibu? Akakamatwa yeye, akawekwa kizuizini hadi Desemba. Mwaka 1988 alitunukiwa tuzo ya haki za binadamu ya Robert F. Kennedy kule Marekani, asiweze kwenda kuipokea. Serikali ilikuwa imeishikilia pasipoti yake. Ukiwa kwenye foleni siku moja, likumbuke hilo.

Februari 2003 serikali mpya ya Kibaki ilizifungua seli zile, kamera zikaingia, na ahadi ikatolewa kwamba patahifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Julai 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba waathiriwa 21 walipwe fidia. Ahadi ya kumbukumbu ndiyo iliyokwama. Mwaka 2023 Waziri wa Usalama, Kithure Kindiki, alizitaja ofisi za pasipoti za Nyayo House kuwa eneo la uhalifu. Alikuwa akizungumzia rushwa ya pasipoti, lakini nina hakika kuna wazee waliocheka kwa uchungu siku ile.

Na ile nyumba ya mawe ya 1913? Imetunzwa vizuri. Ni Nairobi Gallery, ndani yake kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Wageni wanaingia na kutoka. Sina ugomvi nayo, nenda ukaione. Ila hatua chache kutoka mlango wake kuna orofa nzima chini ya ardhi yenye historia yetu sisi wenyewe. Mimi ningeifungua kesho: watu waingie kwa njia ile ile ya magari, na waelezwe na walioikalia. Aliyekamatwa akiwa na miaka 25 mwaka 1986 ameshapita 60, na kila mwaka wanapungua.