Ukaguzi kwa chembe za sumaku

Ukaguzi kwa chembe za sumaku ni njia ya kutafuta nyufa katika vipuri vya chuma bila kuviharibu. Ulianza kutumika Marekani miaka ya 1920. Unafaa kwa mitambo kama ya bwawa la Nzilo, kwenye mto Lualaba karibu na Kolwezi, ambalo tangu miaka ya 1950 huzalisha umeme wa migodi ya shaba.

Kipuri husafishwa na kupakwa rangi nyeupe nyembamba. Mkaguzi hukibana kwa sumaku ya umeme yenye miguu miwili, kisha hunyunyizia majimaji yenye chembe nyeusi za chuma. Penye ufa, nguvu ya sumaku huvuja nje na kuzivuta chembe, nao mstari mweusi hutokea. Ufa unaofuata mwelekeo wa sumaku hauonekani. Hivyo kipimo hurudiwa sumaku ikiwa imegeuzwa nyuzi 90.

Njia hii hugundua kasoro za juu au karibu na uso tu. Haifai kwa shaba, isiyoshika sumaku, bali kwa shafti, gia na viungo vilivyochomelewa.