Tarehe ya Filamu ya Sungura na Chui

Ikitajwa sinema ya zamani huku Buger, wilayani Karatu, huwa ni wepesi mtu kuikumbuka Hatari!, ile ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962, kwa kuwa wanyama wake walikimbizwa katika nchi hizi za Manyara na Ngorongoro; lakini filamu hiyo haitafutwi, maana ipo kila mahali. Tarehe hii ni ya filamu nyingine, ndogo na adimu, iliyozaliwa zaidi ya miaka 20 kabla yake huko Vugiri, katika milima ya Usambara, wakati ambapo Karatu yote ilikuwa ingali ikihesabiwa katika wilaya ya Mbulu.

Mwaka 1935, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, Baraza la Kimataifa la Misheni lilianzisha hapo Vugiri jaribio la kutengeneza filamu za kuonyeshwa Waafrika, Meja L. A. Notcutt akisimamia upigaji picha na G. C. Latham akisimamia mafunzo, na hata kufikia mwaka 1937 zilikuwa zimetoka filamu 35. Aghalabu zilifundisha: safura, ngozi, kodi, akiba ya posta. Katikati ya mawaidha hayo ikatiwa ngano, Sungura na Chui, nami naiona ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa haikumwamuru mtazamaji lolote.

Utepe wake, wa upana wa milimita 16, ulikuwa bubu. Maneno yalitiwa katika santuri, na fundi ilimlazimu aweke sindano wakati ule ule picha ya kwanza ilipopita mbele ya taa. Akikawia kidogo, neno la sungura humtoka chui. Hivyo anayeitafuta filamu hii hutafuta vitu viwili, ambavyo yamkini vimekwisha kutengana zamani.

Kati ya zile 35, zijulikanazo kubaki ni tatu tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza: ya safura, ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na ya mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro. Ngano haimo. Hata hivyo sikati tamaa, kwa sababu tepe za upana huo hazikutengenezwa kwa ile mada ishikayo moto upesi, na hata zikianza kunuka siki huweza kuokolewa. Basi mwenye sanduku la tepe kuukuu, awe wa misheni au wa nyumbani, asizitupe kwa kuwa hazina sauti, wala santuri zilizo kando yake asiziuze mbali nazo.