Sahani ya Jane Hinton na mbio za kupima usugu

Mwaka 1941, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, John Howard Mueller na msaidizi wake Jane Hinton walichapisha namna ya kutengeneza chakula cha kuoteshea bakteria. Walitaka kuotesha vijidudu vya kisonono na homa ya uti wa mgongo, ambavyo ni vigumu kuoteshwa maabara. Katika mchanganyiko wao walitia wanga, unaonyonya sumu zinazovizuia vijidudu hivyo.

Hinton, Mmarekani mweusi, alikuwa na miaka 20 na ushee. Mwaka 1949 alihitimu udaktari wa mifugo, akiwa mmoja wa wanawake weusi wawili wa kwanza nchini mwake kufika hapo. Anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa, maana jina lake husomwa kila siku kwenye makopo ya maabara duniani kote.

Karatasi duara zilizolowekwa dawa, za kupima usugu wa bakteria, zilianza kutumika miaka ya 1940. Unaweka karatasi juu ya sahani iliyopakwa bakteria. Dawa ikiwaweza, panabaki duara tupu kuizunguka. Tatizo ni kwamba kila maabara ilikuwa na karatasi zake na chakula chake, kwa hiyo majibu hayakulinganishika. Mwaka 1966, Bauer, Kirby, Sherris na Turck wa Seattle waliweka utaratibu mmoja: chakula cha Mueller na Hinton, karatasi yenye kiasi maalumu cha dawa, na rula ya kupima duara kwa milimita. Ni njia rahisi, na ndiyo maana maabara nyingi za Afrika Mashariki zinaitegemea mpaka leo.

Lakini ilidai subira. Kwa maambukizi ya damu, usiku mmoja uliishia kwenye kuotesha bakteria kutoka kwenye chupa ya damu ya mgonjwa, na wa pili kuwajaribu kwa dawa. Muda wote huo daktari alitibu kwa kukisia.

Kwa kifua kikuu, mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, ilileta majibu ya usugu kwa dawa ya rifampisini kwa muda usiofika saa 2, kwa kukagua jeni badala ya kungoja bakteria wakue. Ni hatua kubwa, ila kila kipimo kinataka katriji yake.

Mimi huvutiwa zaidi na walichofanya wataalamu wa kamati ya Ulaya ya vipimo vya usugu, EUCAST, mwaka 2018. Hawakuleta mashine. Walidondoshea damu ya chupa iliyoonyesha bakteria moja kwa moja kwenye sahani ileile, wakapima maduara baada ya saa 4, 6 na 8, kila saa ikiwa na jedwali lake la kusomea duara. Duara likiangukia kwenye eneo la mashaka, sahani inarudishwa kwenye joto hadi usomaji unaofuata.

Sharti gumu ni kwamba majedwali hayo yamegawanywa kwa aina ya bakteria. Maabara isiyoweza kutofautisha E. coli na Klebsiella siku hiyohiyo haiwezi kuyatumia, na hapo ndipo hospitali zetu za rufaa zingepaswa kuanza kuweka fedha, kabla ya kuagiza mashine nyingine.