Watunzaji wa Pumzi: Historia ya Mafunzo Yao na Majina Yao

Mfasiri anapoletewa mtaala wa kufundishia watu kazi ya kuwatunza wagonjwa walioshindwa kupumua vema, shida yake huanza kwenye jalada. Huko Marekani kazi hii ni fani kamili, yenye vyuo, mitihani na leseni zake, na mwanafunzi huisomea miaka miwili hadi minne. Kwetu kazi yenyewe ipo, lakini imegawanywa: sehemu hufanywa na wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, sehemu na wataalamu wa usingizi, na sehemu na wataalamu wa fiziotherapia. Jina moja la kumwita mwenye kazi hiyo bado halijazoeleka. Je, aitwe mtaalamu wa hewa, wa kifua, wa mapafu, au wa upumuaji?

Wako watakaosema kwamba jina ni jambo dogo, mradi mgonjwa apone. Sisi hatukubaliani nao. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha, kwa kufuata historia ya mafunzo ya wahudumu wa afya nchini Tanzania, kwamba mafunzo ya kutunza pumzi yalizaa matunda pale ambapo mwalimu, mwanafunzi na mgonjwa walishirikiana neno moja. Na kwamba neno hilo lilitokana na kazi inayotendwa, si na chombo kinachotumika.

Tumechagua kuanzia Matombo. Mahali hapa pako kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, katika njia itokayo Morogoro kwenda Mvuha na Kisaki. Jina lenyewe latokana na neno la Kiluguru lenye maana ya matiti, kwa ajili ya umbo la mlima wa hapo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walifungua misheni Matombo mwaka 1897. Twaianza safari yetu hapa kwa kuwa mama wa Matombo mwenye mtoto anayehema hana hospitali kubwa mlangoni. Ana zahanati, ana mhudumu mmoja au wawili, na ana maneno yake. Iwapo mhudumu hakuyaelewa maneno hayo, hakuna mashine itakayomsaidia.

Dresa, mganga na tabibu

Wahudumu wa kwanza wa vijijini waliofundishwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza walianza kazi mnamo mwaka 1926, chini ya serikali za wenyeji. Kazi yao kubwa ilikuwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache, na wananchi wakawaita madresa, kwa kulitwaa jina la Kiingereza la mfungaji vidonda na kulipa sauti ya Kiswahili. Jina hilo lilikuwa la kweli: lilisema kile ambacho mtu huyo alifundishwa kufanya. Lakini lilionyesha pia mpaka wake. Hakuna aliyetarajia dresa ajue habari za pumzi.

Baada ya Uhuru mafunzo yalipanuka. Chuo cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Katika mkoa wa Morogoro wenyewe, mji wa Ifakara ulikuwa na kituo cha kufundishia wahudumu wa vijijini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Waswisi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoelekeza nguvu za taifa vijijini, waganga wasaidizi wa vijijini walifundishwa kwa wingi, kila mmoja kwa miaka mitatu. Tazama jinsi jina lilivyobadilika. Mtu wa kijijini hakuitwa tena kwa kitambaa alichofungia kidonda, bali aliitwa mganga, neno la kale la wenyeji, ambalo serikali ililichukua na kulipandisha cheo. Hata leo twasema Mganga Mkuu wa Serikali na Mganga Mkuu wa Wilaya. Baadaye likaja neno tabibu, lenye asili ya Kiarabu, ili kumtofautisha mhitimu wa chuo na mganga wa jadi. Hivyo ndivyo ngazi za Tabibu Msaidizi, Tabibu na Daktari Msaidizi zilivyopata majina yake.

Katika miaka hiyohiyo maradhi ya kifua yalipata mafunzo yake maalum. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ambao Dk. Karel Styblo aliutumia kujenga njia ya tiba iliyokuja kufuatwa na nchi nyingi duniani. Mpango huo ulihitaji mtu wa kuwafuatilia wagonjwa katika kila wilaya, naye akafundishwa na kuitwa mratibu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina ambalo kila mwananchi aliliweza: kifua kikuu. Jina hili halitaji kijidudu wala pafu; linataja mahali ambapo mgonjwa huweka mkono wake anaposema anaumwa. Kwa kuwa lilieleweka, lilidumu.

Kuhesabu pumzi

Mfano ulio karibu zaidi na somo letu ni ule wa vichomi vya watoto. Katika miaka ya 1980 Dk. Mtango na mwenzake Neuvians waliendesha mradi wilayani Bagamoyo, ambapo wahudumu wa afya wa vijiji walifundishwa kutambua nimonia ya watoto, kutoa dawa ya kotrimoksazoli, na kumpeleka kituoni mtoto aliyezidiwa. Taarifa yao ya mwaka 1986 ilionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya robo katika miaka miwili. Wahudumu hao hawakuwa na mashine ya kupumulia. Walikuwa na macho, saa, na maneno.

Maneno hayo ndiyo yanayotuhusu. Kiswahili kina utajiri katika jambo hili. Anayehema si sawa na anayetweta. Anayekoroma si sawa na anayekohoa. Na aliyebanwa na kifua si lazima awe na pumu. Lakini utajiri huu waweza kuwa mtego. Mama akisema mtoto anahema, huenda ana maana kwamba mtoto amechoka kwa homa. Kwa sababu hiyo mafunzo yaliyofuata, yaliyotokana na miongozo ya Shirika la Afya Duniani, yaliweka kipimo: mtoto wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka, wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, mara 40 au zaidi. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, ni alama ya hatari. Kupumua haraka, kubonyea kwa kifua: haya ni maneno ya kila siku, lakini yamepewa mpaka unaojulikana. Hapo ndipo neno la kawaida linapogeuka kuwa istilahi.

Kuanzia mwaka 1997 wilaya ya Morogoro Vijijini, ambamo Matombo imo, na wilaya ya Rufiji zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kufundisha wahudumu wa zahanati na vituo vya afya njia ya kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, badala ya kutafuta ugonjwa mmoja tu. Mafunzo yalichukua siku 11. Watafiti walizilinganisha wilaya hizo mbili na wilaya za Kilombero na Ulanga, na taarifa yao ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba katika miaka miwili iliyochunguzwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizopata mafunzo. Hatusemi kwamba lugha peke yake ilifanya kazi hiyo. Dawa zilikuwapo na usimamizi ulikuwapo. Twasema kwamba mhudumu asingeweza kuitumia dawa ile kwa wakati kama hakujua kumwuliza mama na kumwelewa.

Copenhagen na Chicago

Na huko nje je? Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulikumbwa na ugonjwa wa polio, na wagonjwa wengi walipooza misuli ya kupumulia. Mtaalamu wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mfuko wa mpira uliokamuliwa kwa mikono. Mashine hazikutosha, basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu, usiku na mchana, wakiwapumulisha wagonjwa kwa mikono yao. Watu wengi wakaokoka. Chumba cha wagonjwa mahututi, kama tukijuavyo leo, kilitokana kwa sehemu kubwa na kazi hiyo.

Marekani walikuwa wametangulia kuunda chama. Mwaka 1947 wahudumu wa oksijeni walianzisha chama chao Chicago, na jina lake lilitaja tiba ya kuvutisha hewa tu, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kukokota mitungi na kutega mahema ya oksijeni vitandani. Kazi ilipokua, jina likawabana. Baadaye chama kikabadili jina, kwanza kikataja tiba ya upumuaji, kisha utunzaji wa upumuaji. Yaani walitoka kwenye kitu kinachoingizwa, wakaenda kwenye tendo la mwili, wakafika kwenye utunzaji wa mtu. Walitumia miaka mingi kujifunza hayo. Hatuna sababu ya kuirudia safari yao tangu mwanzo.

Jina gani basi?

Ugonjwa wa UVIKO-19, uliothibitishwa nchini Tanzania mwezi Machi mwaka 2020, ulitukumbusha haja hii. Kwa muda mfupi jina la ugonjwa liliundwa. Neno barakoa, ambalo watu wa pwani walilijua kama kifuniko cha uso cha wanawake, likapata maana mpya. Na mitungi ya oksijeni ikawa mazungumzo ya kila nyumba. Vyombo vilipata majina. Mtu wa kuviendesha hakupata.

Sisi twapendekeza aitwe mtaalamu wa upumuaji, na kazi yake iitwe utunzaji wa upumuaji. Mtaalamu wa hewa atadhaniwa kuwa wa hali ya hewa. Mtaalamu wa kifua au wa mapafu ni daktari wa maradhi ya viungo hivyo, na si vema kumnyang'anya jina lake. Upumuaji hutaja tendo, nalo hutokana na pumua, ambalo mama wa Matombo hulisema kila siku, sawa na pumzi na mapumziko. Tunao mfano mwema katika mtaalamu wa usingizi: hatukumwita kwa jina la dawa wala la mashine yake, tulimwita kwa lile ambalo mgonjwa hulipata mkononi mwake, na hakuna aliyepotea.

Walimu wa vyuo na wafasiri wa mitaala wanaombwa kulijaribu jina hili darasani na wodini kabla halijathibitishwa, na kuleta maoni yao. Kipimo chake kiwe hiki: muuguzi akimwambia mama, "Mtaalamu wa upumuaji anakuja kumtazama mtoto," mama asihitaji kuuliza huyo ni nani.